Jongoo Bahari: Kutoka Ghuba ya Chole Hadi Meza ya Kichina

Mtu aingiapo katika mkahawa wa Kichina, uwe Dar es Salaam au Hong Kong, aghalabu hukuta meza ya mviringo. Vyakula huwekwa katikati, na walaji wote huchota humo kwa vijiti, kama vile watu wa pwani ya Afrika Mashariki walavyo pamoja katika sinia moja. Siku za kawaida vyakula hivyo ni wali, mboga, samaki na nyama. Lakini katika karamu ya arusi, au sikukuu ya mwaka mpya, au mwenyeji anapotaka kumpa mgeni heshima ya pekee, huletwa sahani yenye vipande vyeusi, laini, vinavyong'aa kwa mchuzi mzito. Chakula hicho ni jongoo bahari.

Mnyama huyo anafahamika vizuri katika Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, lakini huko hakuna desturi ya kumla. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki amepungua sana kwa sababu ya kuliwa katika nchi za mbali. Makala haya yanaeleza ni mnyama wa namna gani, anafanya kazi gani chini ya bahari, anageuzwaje kuwa chakula cha thamani, na kwa nini akishapungua ni vigumu kuongezeka tena.

MAHALI ANAPOISHI

Ghuba ya Chole iko upande wa kusini-mashariki wa kisiwa kikuu cha Mafia. Imezungukwa na kisiwa hicho pamoja na visiwa vidogo vya Chole na Juani, na mlango wake wa kwenda bahari kuu huitwa Kinasi. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kwa hiyo mara mbili kila siku maji mengi huingia na kutoka kwa nguvu mlangoni, na maji yanapopwa maeneo mapana ya mchanga na nyasi bahari hubaki wazi au hufunikwa na maji haba tu.

Mazingira ya namna hiyo yanawafaa sana majongoo bahari. Penye mchanga laini na nyasi bahari hukaa jongoo mchanga, ambaye jina lake la kisayansi ni Holothuria scabra. Yeye hujifukia mchangani kwa saa kadhaa za siku, kisha hutoka kula. Kwenye matumbawe na maji ya kina zaidi hukaa aina nyingine, miongoni mwao Holothuria nobilis, mwenye mwili mnene na mweusi, na Thelenota ananas, ambaye ngozi yake imejaa vichomozo kama nanasi. Ulimwenguni kote zinajulikana aina zipatazo 1,700 za majongoo bahari, lakini zinazouzwa kwa chakula ni chache tu miongoni mwa hizo.

MAUMBILE YAKE

Ingawa anaitwa jongoo, mnyama huyu hana uhusiano wa karibu na jongoo wa nchi kavu. Yumo katika kundi la ekinodermata, pamoja na kiti cha pwani na urumba. Wanyama wa kundi hilo wana sehemu za mwili zilizopangwa kwa tano tano. Mpango huo huonekana wazi kwa kiti cha pwani mwenye mikono mitano. Kwa jongoo bahari mpango huo umejificha, kwa kuwa mwili wake umerefuka na kulala ubavu; lakini akipasuliwa huonekana misuli mitano mirefu iliyotandazwa kutoka kinywani hadi mkiani.

Hana ubongo wala macho. Kinywani ana minyiri midogo ambayo huitumia kuzoa mchanga. Kupumua kwake ni kwa ajabu: huvuta maji kupitia njia ya haja na kuyaingiza katika viungo viwili vyenye umbo la matawi ya mti, ambamo oksijeni huchujwa. Anaposumbuliwa sana, aina nyingi hutoa matumbo yao nje, kisha huyaotesha upya baada ya majuma kadhaa. Baadhi ya aina hutoa nyuzi nyeupe zinazonata, ambazo humzuia adui kama kaa. Ngozi ya wengi wao ina kemikali ziitwazo saponini, ambazo ni sumu kwa samaki.

Sehemu iliyo muhimu kwa mpishi ni ukuta wa mwili. Ukuta huo kwa kiasi kikubwa ni maji, na yabisi yake ni hasa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ile ile iliyomo katika kano na ngozi ya ng'ombe. Lakini kolajeni ya jongoo bahari ina sifa ambayo ya ng'ombe haina: kwa amri ya neva, mnyama huweza kuufanya ukuta wa mwili wake uwe mgumu kama mpira au ulegee kama ute. Ndiyo sababu aokotwapo hukakamaa mkononi, na anapotaka kujipenyeza katika ufa wa jiwe hulegea. Ndani ya ukuta huo mna vilevile vipande vidogo mno vya chokaa, yaani kalsiamu kabonati, visivyoonekana ila kwa hadubini.

KAZI YAKE MCHANGANI

Jongoo mchanga humeza mchanga, humeng'enya vijidudu na mabaki ya mimea na wanyama yaliyomo, kisha huutoa mchanga uliobaki. Kazi hiyo yafanana na ile ya mnyoo wa shambani. Mchanga hupinduliwa, hewa na maji hupenya, na virutubisho vilivyokuwa vimefungwa katika takataka hurudi majini, ambako hutumiwa na nyasi bahari na mimea midogo.

Umuhimu wa kazi hiyo umepimwa kwa majaribio. Huko Fiji, katika bahari ya Pasifiki, watafiti waliondoa jongoo mchanga katika vipande vya eneo la pwani na kuona kwamba oksijeni ilipenya kina kidogo zaidi mchangani. Mwaka 2024 zilitangazwa habari za majaribio yaliyofanywa Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa. Huko ilionekana kwamba matumbawe yaliyoachwa bila majongoo bahari yaliathirika na kufa zaidi kuliko yale yaliyokuwa nao. Inadhaniwa kwamba majongoo hao hula bakteria na uchafu ambao huleta maradhi. Basi mnyama anayeonekana hana faida yoyote kwa mvuvi wa samaki huenda akawa miongoni mwa wanaomtunzia mahali pa kuvulia.

KUMKAUSHA

Jongoo bahari hasafirishwi akiwa mbichi, kwa sababu huoza upesi. Hatua za kumtayarisha zimekuwa karibu zile zile katika nchi zote za joto. Kwanza hupasuliwa kidogo na kutolewa matumbo. Pili huchemshwa, na ukuta wa mwili hujikunyata na kutoa maji mengi. Tatu, ikiwa ni jongoo mchanga, hufukiwa katika mchanga wenye unyevu usiku kucha. Bakteria hulainisha tabaka la nje lenye chokaa, na asubuhi huweza kusuguliwa na kuoshwa. Mahali pengine majani ya mpapai hutumiwa badala ya mchanga. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachokata protini, na ndiyo maana wapishi wa pwani hutia papai bichi katika nyama ngumu. Mwisho huchemshwa tena na kuanikwa juani kwa siku kadhaa hadi awe mkavu kama kipande cha mti.

Katika kazi hiyo uzito hupungua kupita kiasi. Jongoo mchanga mkavu huwa na takriban asilimia 5 tu ya uzito aliokuwa nao alipotoka majini. Maana yake, ili kupata kilo 1 ya majongoo wakavu zahitajika kilo 20 za wabichi. Msomaji akumbuke hesabu hii, kwa kuwa kilo 1 iliyo katika chupa ya duka la Hong Kong ni eneo zima la pwani lililokwisha kuokotwa.

JIKONI NA MEZANI

Katika jiko la mkahawa kazi hugeuka kinyume: yale maji yaliyotolewa pwani hurudishwa. Mpishi hulowesha jongoo mkavu katika maji baridi yaliyo safi, humchemsha kwa moto mdogo, humwacha apoe katika maji, humsafisha ndani, kisha humlowesha tena. Hurudia hivyo kwa siku kadhaa. Wapishi husisitiza kwamba chombo kisiwe na mafuta hata kidogo, wakisema kwamba mafuta huharibu umbo lake. Mwishowe jongoo hurefuka na kunenepa, na uzito wake huwa mara nyingi kuliko alipokuwa mkavu.

Sayansi ya jambo hili ni rahisi kuifahamu. Kolajeni ikipashwa moto katika maji, nyuzi zake zilizosokotwa hufumuka, na sehemu yake hugeuka kuwa jelatini, ambayo hunasa maji mengi. Moto ukizidi, nyuzi zote huyeyuka na mnyama hubomoka. Ukipungua, hubaki mgumu kama ngozi. Ustadi wa mpishi ni kusimama katikati. Mlaji wa Kichina huthamini ulaini unaoteleza lakini unaokinza meno kidogo.

Jongoo bahari peke yake hana ladha kubwa. Ladha hutoka katika supu ya kuku au nyama, mchuzi wa soya, tangawizi, uyoga na vitunguu, ambavyo hupenya pamoja na maji. Katika mapishi ya jimbo la Shandong, kaskazini mwa China, sahani mashuhuri ni jongoo bahari aliyepikwa kwa vitunguu vya majani. Kaskazini hupendwa aina yenye miiba laini itokayo katika bahari baridi. Kusini, katika jimbo la Guangdong na Hong Kong, hupendwa pia aina kubwa za bahari za joto, na hizo ndizo zitokazo Bahari ya Hindi.

Jina lake la Kichina, haishen, maana yake ni jinsengi ya bahari, kwa kuwa huhesabiwa kuwa chakula na dawa kwa pamoja. Ni kweli kwamba akiwa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na mafuta yake ni machache. Lakini sifa za kuponya maradhi mbalimbali ni za mapokeo, na zisichanganywe na yale yaliyothibitishwa kwa majaribio. Bei yake haitokani na lishe pekee, kwani maharagwe na dagaa hutoa protini kwa gharama ndogo sana. Hutokana na uchache wake, kazi ya kumtayarisha, na heshima anayoonyeshwa mgeni anapoandaliwa sahani hiyo.

BIASHARA YA KALE NA YA SASA

Wachina walianza kutafuta majongoo bahari nje ya nchi yao zamani. Mabaharia wa Makassar, katika Indonesia ya leo, walisafiri kwa msimu hadi pwani ya kaskazini ya Australia kuwakusanya katika karne za 18 na 19, na safari hizo zilikoma mwaka 1907. Katika Afrika Mashariki, karne ya 20, Wachina wachache waliweka makazi Unguja, na miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara wa majongoo bahari.

Baada ya China kubadili siasa yake ya uchumi kuanzia mwaka 1978, idadi ya watu walioweza kulipia sahani za karamu iliongezeka, na soko likapanuka upesi. Katika Bahari ya Hindi uokotaji wa miguu wakati wa maji kupwa ukafuatwa na uzamiaji, na mahali pengine mitungi ya hewa ikatumiwa. Aina za bei kubwa zilipopungua, wakusanyaji walihamia aina za bei ndogo, na kutoka maji haba wakaingia maji ya kina. Leo jongoo mchanga mkavu wa daraja la juu huuzwa Hong Kong kwa mamia ya dola za Marekani kwa kilo, ilhali mwokotaji wa pwani hupata sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

KWA NINI HAONGEZEKI UPESI

Watu wengi hudhani kwamba mnyama anayetaga mayai mamilioni hawezi kumalizika. Jike la jongoo mchanga huweza kutoa mayai zaidi ya milioni moja kwa msimu, lakini hesabu hiyo hudanganya. Majongoo bahari hawapandani. Dume hutoa mbegu majini na jike hutoa mayai majini, na lazima viwili hivyo vikutane kabla ya kuchukuliwa na mkondo. Mnyama mwenyewe hutambaa polepole, na hawezi kusafiri mbali kumtafuta mwenzake.

Fikiri kwamba mbegu za dume mmoja zimeenea kwa mita 1 kila upande katika maji yenye kina cha kutosha. Zikienea kwa mita 2, ujazo wa maji huwa mara 8, maana 2 × 2 × 2 = 8. Zikienea kwa mita 10, ujazo huwa mara 1,000. Mbegu ni zile zile, lakini kila yai sasa limezungukwa na mbegu chache mara 1,000. Kwa hiyo majongoo 100 walio karibu karibu huweza kupata watoto wengi, na majongoo 100 hao hao wakitawanyika katika ghuba nzima huweza wasipate hata mmoja. Wataalamu wa ikolojia wameona jambo hili kwa wanyama wengi wa baharini wasiotembea: kikipitwa kiwango fulani cha uchache, kizazi hakijirudishi hata uvunaji ukikoma.

Mayai yaliyofanikiwa hugeuka mabuu, ambayo huelea majini kwa takriban wiki mbili kabla ya kutua juu ya majani ya nyasi bahari. Katika muda huo mengi huliwa au hupelekwa mbali. Anayesalimika huhitaji mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kuzaa. Mwokotaji anayechukua wadogo huwachukua kabla hawajazaa hata mara moja, na kwa kuwa bei ya mdogo ni ya chini, hupoteza pande zote mbili.

HIFADHI NA UFUGAJI

Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna hiyo Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 822. Ghuba ya Chole imo ndani yake. Katika miaka ya 2000 Tanzania Bara ilisimamisha uvunaji wa majongoo wa mwitu kwa biashara. Mwaka 2013 jongoo mchanga aliorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi (IUCN) miongoni mwa viumbe walio hatarini. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliweka Holothuria nobilis na aina mbili za jamaa yake chini ya usimamizi wake mwaka 2019, na jenasi ya Thelenota mwaka 2022.

Sheria peke yake haiondoi tamaa ya bei, hasa mahali ambapo njia za kujipatia fedha ni chache. Hivyo watafiti wamegeukia ufugaji. China hufuga aina ya bahari baridi, na mazao yake hupita tani 100,000 kwa mwaka. Kusini-magharibi mwa Madagaska vijiji vimefuga jongoo mchanga katika nyua za wavu kwa vifaranga kutoka vituo vya kutotolesha, na Zanzibar nako kumejengwa kituo cha namna hiyo. Ufugaji una matatizo yake: kaa hula vifaranga, wezi huja usiku, na bila mzazi wa mwitu hakuna mayai ya kuanzia. Hoja hii ya mwisho yaonyesha kwamba shamba haliwezi kuchukua nafasi ya ghuba. Wazazi wakibaki wachache na mbali mbali, mfugaji naye hukosa mbegu.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Chokaa ya ngozi. Weka kipande cha ganda la yai katika bilauri yenye siki au maji ya ndimu. Angalia mapovu yanayotoka. Hiyo ni gesi ya kabonidayoksaidi, itokanayo na kalsiamu kabonati, chumvi ile ile iliyo katika ngozi ya jongoo bahari.

2. Kolajeni na jelatini. Chemsha kongoro la ng'ombe kwa saa tatu au nne, chuja supu, iache ipoe kabisa mahali pa baridi. Eleza kwa nini supu huganda. Ipashe moto tena uone kinachotokea.

3. Maji katika nyama kavu. Pima uzito wa kipande cha pweza mkavu. Kiloweshe usiku kucha, kikaushe kwa kitambaa, kisha kipime tena. Tafuta asilimia ya ongezeko la uzito.

MASWALI

1. Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba jongoo bahari ni jamaa ya kiti cha pwani, wala si ya jongoo wa nchi kavu.

2. Mfanyabiashara amenunua kilo 15 za jongoo mchanga wakavu. Ikiwa mkavu ni asilimia 5 ya mbichi, ni kilo ngapi za wabichi zilizookotwa? Ikiwa kila mmoja alikuwa na gramu 400, waliokotwa wangapi?

3. Mbegu zilizoenea kwa mita 1 zimefika mita 5. Ujazo wa maji umeongezeka mara ngapi? Jibu lako lina maana gani kwa mayai yaliyo katika maji hayo?

4. Kijiji kimoja kina ruhusa ya kuwaacha majongoo 500 tu katika eneo lake. Je, ni afadhali wawekwe pamoja mahali pamoja panapolindwa, au waachwe wametawanyika? Toa sababu, na utaje hatari moja ya kila njia.

5. Jadilini darasani: mlaji aliye katika mkahawa wa mbali ana wajibu gani juu ya mchanga wa ghuba asiyopata kuiona?